Mwenye Radi ya Vulamba

Butembo, Vulamba. Jumatatu, 8 Oktoba 2001

Nyumba kimya. Josée, bibi yangu, ameenda kuzalia kwa mama yake kule Beni, commune ya Mulekera. Alipanda kamyo ya mihogo, tumbo mbele, valizi nyuma. Mbele ya kupanda aliniachia neno moja tu: "Malachie, usiguse kitu." Nilimuuliza kitu gani. Alisema: kitu.

Niandike hapa, juu siku moja batu batataka kujua maisha yangu. Mimi ni Malachie Kahongya, fundi, karibu ingénieur. Nilisoma technique miaka mbili. Ya tatu ilizuiliwa na vita. Na préfet wa masomo, mais zaidi vita. Nimefika Kampala. Nimeona ascenseur, ile lifti ya nyumba ndefu, nimeingia ndani, nimetoka.

Kazi yangu ni phonie, radio ya kuita mbali: Beni, Kasindi, Goma, hata Kinshasa kama hewa inakubali. Niko na plaque moja ya jua juu ya bati, batri moja ya kamyo, na waya ya antenne inaenda mpaka kwa mukaratusi. Kwenye mulango nimeandika AIGLE ROYAL, COMMUNICATION NA DUNIA YOTE. Njia ya Beni imekuwa mubaya. Wakubwa wa hapa na wakubwa wa kule, juzi tu balikuwa chama moja, leo hawasalimiane. Donc mutu mwenye phonie ni mutu. Kila Siku ya Mungu, kisha misa ya pili, Josée ataniita toka Mulekera. Mutoto akitoka, nitasikia kwa sikio yangu na kwa mashini yangu. Hiyo tu njo naomba Mungu.

Shida ni batri. Mangaribi haijafika, imekwisha kulala. Kwa Edmond, ngambo ya lupango, ile uzio yetu, batri inaimba mpaka giza. Edmond ni mwalimu. Yeye pia anafanyaka phonie. Jina yake kwenye hewa ni Violette, mwanaume muzima. Zamani alimuandikia Josée barua za mapendo zenye introduction na conclusion. Frère mumoja wa misheni njo alitufungia mashini sisi wote wawili, na Edmond hajagusa kitu tangu ile siku. Science yake yote ni hiyo: kutogusa.

Leo nimefuata waya zangu zote na macho, moja moja. Kuko moja ya shaba, nene, inatoka kwenye antenne, inashuka na ukuta, inafungwa kwenye chuma, na ile chuma inaingia chini. Kwenye udongo. Haitoki upande mwingine. Nimechimba kidogo, nimeangalia. Haitoki.

Nilikaa juu ya ndoo, nikafikiri. Kumbe courant yangu, umeme yangu, inamwagika. Na inamwagikia wapi? Ngambo tu ya lupango kuko maharagwe ya Edmond. Maharagwe nene, majani meusi, yenye afya ya ajabu.

Miaka hii yote ninamulishia Edmond maharagwe.


Jumanne, 9 Oktoba

Nimekata. Josée alisema nisiguse. Sikugusa. Nilitumia pince ya kukata waya.

Mbingu ilikuwa nyeupe asubuhi mpaka jioni, hata wingu moja hapana, na mteja hapana. Batri imefika mangaribi ingali nzima. Nimeruka ndani ya nyumba peke yangu. Kama ningekuwa Ulaya, leo ningevalishwa kanzu na kofia ya mraba.

Nimechungulia maharagwe ya Edmond. Naona yameanza kunyong'onyea. Thérèse, bibi ya Edmond, aliniuliza naangalia nini. Nilimujibu: haki.


Jumatano, 10 Oktoba

Ile waya ya shaba inalala chini kama nyoka, mita na mita. Kuitupa ni zambi. Nilikumbuka mama wa zamani banavalaka shaba kwenye mukono juu ya maumivu ya mifupa. Nikajiuliza: shaba ilikuwa inafanya kazi gani pale kwenye ukuta? Ilikaa na phonie yangu tangu mwanzo. Na tangu mwanzo radi haijanipiga. Donc shaba inafukuza radi. Hiyo ni logique, hata mapadri hawawezi kuipinga.

Nimekata waya vipande, nimezungusha kila kipande kwenye mupini wa jembe. Bracelet. Sokoni nilisimama juu ya sanduku: bracelet ya kufukuza radi, mama, bracelet ya Kampala, muijaribu. Mama moja wa samaki aliuliza kama inafukuza pia shemeji yake. Nilimuambia ile ni modèle ingine, iko njiani.

Zimeisha zote. Thérèse alinunua yake kwa siri, akaificha chini ya kitenge, akaniambia Edmond asijue. Adjudant Blaise alikuja pia na banajeshi wake. Adjudant ni mutu wa Équateur, province ya Lingala, mukubwa kama kabati. Alisema jeshi inakamata mukono muzima wa bracelet, moja kwa kila askari. Nilimuuliza nani atalipa. Aliangalia kushoto, aliangalia kuliya, kama mwenye kunisaidia kutafuta.

Likambo te, kama banavyosema kwao. Hakuna neno. Jeshi imevaa bintu vyangu. Hiyo ni publicité.


Alhamisi, 11 Oktoba

Niandike pole pole.

Mvua ilishuka saa ya batoto kutoka masomo. Mimi nilikuwa chini ya meza nikitafuta parafujo. Kisha mwanga mweupe, na sauti kama mbingu inapasuliwa na musumeno. Nilipotoka, muti ya avoka ya Edmond ilikuwa imegawanyika mbili, inatoa moshi. Nusu imelala juu ya maharagwe.

Phonie ya Edmond haina kitu. Batri nzima. Moto ulishuka na waya yake, ukaingia chini, basi. Edmond mwenyewe alikuwa chini ya shuka, amefunika vioo vyote vya nyumba na amefukuza jogoo nje, juu mama ya mama yake alimufundisha kama radi inapendaka jogoo. Thérèse alikuwa jikoni. Hata unywele moja haukuungua. Alitoka mbele ya batu wote, akainua mukono, akaonyesha bracelet yangu. Edmond aliangalia bracelet, aliangalia avoka, alirudi ndani.

Mais batu ni batu. Mbele ya jua kushuka, quartier nzima ilikuwa inasema hivi: Malachie anauzisha dawa ya radi Jumatano. Alhamisi radi inaanguka kwa mushindani wake. Nani mwenye dawa kama si mwenye ugonjwa?

Kwenye robinet nilisema na sauti nguvu: mimi hapana mulozi, ni mambo ya hewa ya moto na hewa ya baridi. Mama mumoja aliondoa bidon yake, akaniachia nafasi ya mbele. Wengine nao waliondoa zao.

Nilijaza maji.


Ijumaa, 12 Oktoba

Nikubali kitu moja hapa, kwa kitabu tu: kuogopwa ni kutamu. Muuza mikate alinipa yenye kutoka motoni. Fundi wa viatu aliniita Vieux, Muzee, na yeye njo ananizidi miaka. Edmond alinisalimia Kinande cha heshima, "Wavukire, Papa Malachie," kofia mukononi. Nilijibu na kichwa tu, kama askofu. Mutu aliuliza kama ni mimi nilituma radi. Nilisema: mimi siwezi kusema kitu. Hiyo si uongo.

Saa ya chakula Adjudant Blaise aliingia. Alifunga mulango. Alikaa juu ya kiti ya wateja, kiti ikalia.

Aliniambia: "Ndeko, nkake na yo inafika umbali gani?" Ndugu, radi yako inafika umbali gani.

Nilimujibu inategemea. Ilinitoka tu. Mutu akikuuliza hivi na heshima, mudomo unajibu.

Alitoa karata, ramani ya jeshi, akaitandika juu ya meza. Alieleza pole pole, kama mwenye kununua mbuzi. Makanoni ya wakubwa wa hapa yamekwama kwenye matope, masasi ni kidogo. Sasa amesikia kama kuko raia mumoja mwenye kuangusha moto juu ya avoka bila kutoka nyumbani. Ameisha kuandika rapport na kuisoma kwa colonel kwenye hewa. Nitapewa grade, cheo ya jeshi. Nitapewa mabuti. Kazi ni moja tu, siku ya Jumatatu.

Aliweka kidole chake juu ya karata. Kidole nene. Kilifunika Beni muzima, Mulekera ndani.

Nilisema pale hapana. Aliuliza kwa nini. Nilisema pale niko na mutu. Alisema kila mutu iko na mutu mahali. Nilisema basi nipige Kasindi. Alisema Kasindi njo douane, wakubwa banakula pale. Nilisema nipige Uganda. Alisema Uganda ni kubwa sana kwa mwanzo.

Alinipatia mpaka Jumatatu. Mulangoni aligeuka, aliniambia nifanye kwanza essai, jaribio kidogo, mahali pa bule, ili aandike complément, nyongeza ya rapport.

Usiku huu sitalala. Niko na mutu Beni mwenye tumbo kubwa, na mimi njo nalinda Beni nisiipige na radi ambayo sina. Hata technique ya mwaka ya tatu hawafundishi hii.


Jumamosi, 13 Oktoba

Plan ilikuwa ya akili. Kesho, Josée akiniita, nitamuambia na maneno ya kujificha: Mama Nadège, viazi vya baridi, shuka kwa shangazi yako kwenye shamba. (Hatuna mutoto wa jina Nadège. Nilichagua jina lenye Josée anapendaka, na viazi vya baridi ni hatari, adui asielewe.) Atoke Mulekera mbele ya Jumatatu. Sasa kama Adjudant anataka kuona kitu, nitamuonyesha muti yoyote iliyoungua, yeye anapenda kuandika kuliko kuangalia.

Donc kila kitu kilikuwa juu ya phonie. Nilifuta vumbi. Nilifunga batri vizuri. Nilipiga magoti mbele ya mashini, Mungu aniwie radhi, nikaiambia: kesho usiniaibishe.

Mvua ilianza upande wa Lubero. Nilijifunika blanketi, juu ya baridi. Kisha kamba ya moto ilishuka kwa mukaratusi, ikafuata antenne yangu kama mutu mwenye kujua njia, ikaingia na dirisha. Ilitafuta mahali pa kutoka. Mahali pa kutoka nilikuwa nimeuzisha sokoni.

Phonie imefungua mudomo na imetoa moshi wa rangi ya kijani. Batri imepasuka tumbo. Plaque iko nzima, Mungu ni mukubwa. Ukuta uko na shimo, napita mukono. Mimi niko na nyusi moja.

Nilikaa kwenye matope ya mulango. Sikulilia mashini. Nililia kama mutoto juu kesho kisha misa ya pili Josée ataniita, ataniita, na hakuna mutu atajibu.

Adjudant Blaise alikuja mbio na karatasi yake. Alizunguka nyumba. Aliingiza kichwa kwenye shimo. Uso ulikuwa unangaa.

"Essai imefaulu," alisema.

Nilimuambia ukweli wote: waya, pince, bracelet, Kampala. Nilimuambia ile radi ilinipiga mimi mwenyewe, haoni? Alinipiga bega kwa mapendo. Alisema hata kombora ya kwanza inaangukaka kwa wenyewe. Inabaki tu kurekebisha shabaha.


Siku ya Mungu, 14 Oktoba

Nilivaa koti ya ndoa na nilienda kugonga kwa Edmond.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Niliyasahau. Nilisema tu: "Mwalimu, bibi yangu ataniita na mimi siko." Edmond alifungua mulango yote. Alitoa batu mbele ya meza, akanipa kiti yake mwenyewe. Mutu anaweza kuwa Violette na kuwa na roho. Naandika hii mara moja tu.

Batu balijaa mpaka kwenye dirisha. Kwenye phonie hakuna siri, mwenye masikio anasikia, hapa na Beni na kati yao. Adjudant alisimama nyuma na kalamu. Nilianza kufikiri viazi vya baridi.

Hewa ilipiga miluzi. Kisha: "Aigle Royal, Aigle Royal, hapa Mulekera. À vous."

Sauti yake. À vous ni kusema zamu yangu. Edmond alinibonyezea mukono juu ya bouton. Nilisema: hapa Aigle Royal, niko ndani ya Violette, à vous. Batu balicheka. Josée alisema mutoto ametoka jana wakati ya mvua. Musichana. Muzima. Analia cinq sur cinq, sauti wazi kabisa.

Sijui nilisema nini. Thérèse anasema nilibusu micro.

Kisha sauti ya Josée ilibadilika, ile sauti ya jikoni. Alisema pale Beni batu banakimbia, banafunga mizigo juu ya vichwa, juu kuko mulozi wa Vulamba mwenye kutaka kubapiga na radi kesho. Mutu mwenye phonie. Mwenye bracelet. Banataja na jina. Amesikia vizuri, à vous?

Batu wote baligeuka kuniangalia. Adjudant aliinua kalamu. Niliona viazi, niliona baridi, sikuona maneno. Nilisema: batu banasemaka mingi, à vous.

Josée akacheka. Alicheka kwenye fréquence ya wazi, mbele ya majeshi mbili.

"Nyie wote munasikia," alisema, "sikieni vizuri. Huyu bwana, ngurumo ikianza, anaingizaka kichwa ndani ya kitenge yangu. Ananiomba mimi nitoke nje niangalie kama imeisha. Kuku akipiga mabawa, anaruka. Huyu njo ana radi? Hata kiberiti kinamushinda kuwasha. Beni, fungueni mizigo. À vous."

Toka Beni tulisikia vicheko, vingi, vya banaume. Kwa Edmond batu balianguka juu ya batu. Fundi wa viatu alilia machozi. Adjudant Blaise alikunja complément yake mara mbili, mara ine, akaiweka mufukoni, akaangalia dari.

Haya ilinishika mpaka kwenye miguu. Na chini ya haya, pole pole, kitu kingine: Beni imepona. Mutu wangu amepona. Batu wangu wawili.

Josée hakuwa amemaliza. Aliuliza kwa nini niko kwa Violette. Ya kwangu iko wapi? Nilisema imepumzika. Aliuliza waya ya udongo iko wapi. Nilisema iko Vulamba. Vulamba wapi, à vous? Nilisema: kwenye mikono ya batu, à vous.

Thérèse aliingiza mukono wake wa bracelet chini ya kitenge. Batu wengine nao balificha yao mugongoni.

Kisha Josée alisema hatarudi na mutoto kwenye nyumba ile mpaka waya iwe imerudi kwenye udongo. Hataki ahadi yangu, ahadi anazo kikapu kizima. Edmond akague, Edmond mwenyewe aseme kwenye hewa. Na mutoto anaitwa Nadège, ameamua.

Nilikuwa nimetayarisha Aiglonne. Mais Nadège ninaijua, nimeizoea tangu jana.


Jumatano, 17 Oktoba

Siku tatu napita nyumba kwa nyumba kuomba bracelet. Ijumaa njo niliogopwa, Jumatano batoto bananifuata, banapiga mabawa kama kuku. Mama wa samaki alikataa kurudisha yake: tangu aivae shemeji hajatia mguu. Nilimuachia. Science iende mbele.

Bracelet zilizorudi nimezinyoosha na nyundo, nimezifunga moja kwa ingine. Waya imekuwa na mafundo kama rozari.

Adjudant alikuja mangaribi, bila karata. Aliweka juu ya meza bracelet za banajeshi wake wote na radio moja ya jeshi, ya rangi ya majani, na batri yake. Alisema mimi sijawahi kumuona na rapport. Nilisema rapport gani. Colonel naye, inaonekana, hajawahi kupokea kitu. Tulipeana mukono. Mutu muzuri. Angekuwa na aibu kidogo tu, angekuwa raia.


Alhamisi, 18 Oktoba

Edmond alikuja kukagua. Alileta chumvi na makala, yale makaa ya kupikia, alimwaga ndani ya shimo kuzunguka chuma, juu Frère alifanya vile kwake. Nilimuuliza inasaidia nini. Alisema hajui, hajawahi kuuliza. Alivuta waya, alivuta tena. Kisha aliita Beni na ile radio ya jeshi, akatangaza kwa sauti ya darasa: waya imeingia kwenye udongo, nimeona kwa macho, à vous.

Josée alisema asante, Mwalimu. Alisema Jumamosi atapanda kamyo na Nadège. Aliuliza kama nitagusa kitu tena. Niliapa juu ya mama yangu, na mama yangu, amekuja kungojea mutoto, alikuwa pale, amesimama nyuma yangu, akisema "umm".

Nimesafisha nyumba. Nimeziba shimo ya ukuta. Kitanda ya mutoto tayari. Kazi yote imekwisha na jua lingali juu. Nilikaa mulangoni na chai, roho kimya, naangalia ile waya nzuri.

Sasa niandike hii haraka, mbele ya mvua.

Radi inashuka na ile waya na inaingia chini. Vizuri. Mais ni nini ile inaingia chini? Ni courant. Courant ya kutosha kupasua avoka, courant ya kufanya mwanaume abaki na nyusi moja. Na sisi tunaipeleka kwenye udongo, na chumvi juu, kama mboga. Plaque yangu inafanya kazi kutwa kupata kitone. Mbingu inamwaga pipa nzima mara moja, bila mutu kuomba.

Nimepiga hesabu ya kichwa. Radi moja, nzuri, ya kunenepa: phonie mwaka muzima. Na taa. Na frigo. Nadège ataingia kwenye nyumba yenye frigo, wa kwanza katika Vulamba.

Sitamukosea Josée. Alisema waya iwe kwenye udongo, na itakuwa kwenye udongo. Hakusema isipite kwanza kwenye batri.

Nimekata mahali pamoja tu. Ncha ya juu nimeifunga kwa plus ya batri, ya chini kwa moins yake, safi kabisa. Upande wa Lubero kumekuwa mweusi, mweusi muzuri, wa kunona. Nimekaa karibu nione ikijaa.